Namna ninavyolipima jua la Dar kabla mtu hajanunua sola

Nimefundisha jiografia miaka ishirini na nane. Kila mwaka nilisimama mbele ya ubao nikaeleza habari za jua la utosi, Tropiki ya Kansa, Tropiki ya Kaprikoni, na watoto wakasinzia. Nikastaafu, nikanunua sola, nikafanya kosa ambalo ningemkata alama mtoto wa kidato cha pili.

Fundi alikuja kwangu Segerea, akatazama juu, akauliza natumia uniti ngapi kwa siku. Sita, nikamwambia. "Mwalimu, Dar jua ni masaa sita. Sita gawa kwa sita, kilowati moja. Paneli mbili za wati 550 zinakutosha na chenji inabaki." Akazifunga upande wa kusini wa paa, kwa sababu kwenye video alizojifunzia paneli zote zinaangalia kusini. Desemba mambo yalikuwa matamu. Januari, Februari, matamu. Aprili mvua za masika zikashika, na siku ya tatu nikaamka nikakuta maji yametambaa kutoka chini ya friza hadi mlangoni. Ninauza barafu na juisi ya ukwaju. Hesabu ya hasara sitaiandika hapa.

Tangu hapo nimewapimia majirani, ndugu na wanafunzi wangu wa zamani, bila malipo isipokuwa chai. Fimbo, kamba, daftari na simu vinatosha. Nitaeleza ninavyofanya kwa Dar es Salaam, maana ndiyo ninayoijua. Mtu wa Tanga au Mwanza atabadilisha namba tu.

Anza na namba ya mji, lakini ujue ni namba gani

Kuna ramani ya bure mtandaoni iitwayo Global Solar Atlas, ya Benki ya Dunia. Unagusa mahali ulipo, inakupa namba kadhaa. Mbili ndizo za kushika.

Ya kwanza ni nguvu ya jua linaloanguka kwenye mita moja ya mraba iliyolala chini, kwa siku. Kwa Dar ni kama 5 hivi za kilowati-saa, yaani uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Dodoma inakaribia 6. Miji mingi ya Ujerumani ni kama 3, na bado wenzetu kule wamejaza paneli mapaani, kwa hiyo anayekuambia Dar haina jua la kutosha mwambie akanywe maji.

Ya pili ndiyo inayokuhusu: kilowati moja ya paneli itatoa uniti ngapi kwa siku baada ya kutoa hasara za joto, nyaya na inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa paneli utumike nyumbani. Kwa Dar inacheza kwenye 4. Fundi wangu alichukua ile ya kwanza, akaikuza kidogo iwe sita, akaitumia kana kwamba ni ya pili. Hapo peke yake alinipunja theluthi.

Kwa nini hasara ni kubwa hivyo? Paneli huandikwa wati zake kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25. Kwenye bati la Dar saa saba mchana paneli hufika nyuzi 60 bila taabu, na kila nyuzi moja inayozidi 25 inakula kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Piga mwenyewe: zaidi ya moja ya kumi imeyeyuka kabla umeme haujafika ukutani. Ndiyo maana mtu wa Mbeya, mwenye baridi yake, anapata zaidi kutoka kwenye paneli ileile. Na ndiyo maana ninamwambia fundi aache nafasi ya kiganja kizima kati ya bati na paneli, upepo upite.

Tafuta mwezi mbaya

Wastani wa mwaka ni mzuri kwa mtu mwenye umeme wa gridi, yaani wa TANESCO, anayetaka kupunguza bili. Kwa mwenye friza, wastani ni mtego. Friza haigandishi kwa wastani.

Hapa ninatumia PVGIS, chombo kingine cha bure, cha Tume ya Ulaya, ambacho Afrika imo. Unaingiza mahali, ukubwa wa paneli, mwinuko wa paa na upande linakoangalia, nacho kinakupa mwezi kwa mwezi. Kwa Dar utaona Aprili na Mei vimeinama, kisha Oktoba hadi Februari vimenyanyuka. Tofauti ya mwezi mzuri na mwezi mbaya ni kama robo. Kwa paa langu Aprili ilitoka 3.3 kwa kila kilowati, si 4.

Hata hiyo 3.3 inaficha jambo. Ndani ya Aprili kuna siku tatu nne mfululizo za wingu zito, na paneli chini ya wingu la namna hiyo inatoa moja ya kumi hadi robo ya uwezo wake. Daftari langu la mwaka wa kwanza lina siku ambayo zile paneli mbili zilitoa uniti 0.9. Hakuna anayenunua mfumo wa kuhimili siku kama hizo, ni ghali mno. Unachofanya ni kujua mapema kwamba siku hizo utarudi kwenye LUKU, na ukaacha waya tayari. Mwenye nyumba isiyo na gridi kabisa, huko Chanika ndani au Mbopo, apange vitu atakavyozima.

Paa lako linaangalia wapi

Sasa tufike kwenye somo nililolifeli.

Dar ipo kusini ya Ikweta, nyuzi 6.8. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya hapo, miezi saba, jua la mchana liko kaskazini yako. Miezi mitano iliyobaki liko kusini. Kwa hiyo kwetu paneli huangalia kaskazini. Zile video zilirekodiwa na watu wa kaskazini ya dunia, kwao jua la mchana huwa kusini mwaka mzima.

Hasara yake ni kubwa kiasi gani? Paa langu lina mwinuko wa nyuzi 20. Mchana wa tarehe 21 Juni, upande wa kaskazini unapokea mionzi ya moja kwa moja kama 98 kwa mia, upande wa kusini 64. Desemba inageuka, kusini kunanufaika. Ukijumlisha mwaka mzima, na kwa kuwa mawingu ya Dar yanatawanya mwanga kila upande, hasara haifiki hata moja ya kumi. Sasa mbona nasumbuka? Kwa sababu masika yanakuja jua likiwa tayari limevuka kaskazini. Upande wa kaskazini unakusaidia palepale penye shida, na upande wa kusini unakusaidia Desemba ambapo huhitaji msaada.

Kama paa lako lina upande wa mashariki na magharibi tu, usilie. Gawa paneli nusu kwa nusu, asubuhi na jioni zitapokezana. Bora hivyo kuliko kujenga vyuma vya kugeuza paneli juu ya bati, vikageuka tanga la jahazi upepo wa kusi ukivuma.

Kuipata kaskazini usitegemee dira ya simu ukiwa umesimama juu ya mabati; chuma kinaivuruga na itakuonyesha inakotaka. Shuka uani, simika fimbo iliyonyooka, na uweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika kumi kuanzia saa sita kamili mchana hadi saa saba kasorobo. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho mstari wa kaskazini na kusini. Hapa Dar hakiangukii saa sita kamili, maana saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na sisi tupo 39. Jua linachelewa kama dakika 23, zikipungua Novemba na kuongezeka Februari. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba zoezi hili halifanyi kazi, fimbo haina kivuli cha maana. Watoto wa mtaa hulipenda sana, tafadhali waite.

Mwinuko wa paa pima kwa kamba na futi: kila mita moja ya kwenda mbele, paa limepanda sentimita ngapi? Sentimita 18 ni nyuzi 10, sentimita 27 ni 15, sentimita 36 ni 20. Kati ya 10 na 15 ni pazuri kwa Dar. Chini ya 10 usilaze, hata kama paa ni la zege, kwa sababu mvua haitaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Vitaganda kwenye ukingo wa chini. Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa habari za kunguru.

Kivuli, na hapa usiwe na haraka

Satelaiti haiuoni mwembe wa jirani. Hili ndilo pengo kati ya namba ya mji na namba yako, na nimeona likiwaumiza watu kuliko upande na mwinuko kwa pamoja.

Seli za paneli zimeunganishwa mstari mmoja, kama daladala kwenye barabara ya njia moja. Moja ikikwama, za nyuma zote zinasimama. Kivuli cha tawi kilichofunika kona ya paneli moja kinaweza kuzorotesha paneli nzima, na kama paneli zimeungwa mfululizo, kinavuta na wenzake. Paneli za siku hizi zina njia za kuchepuka zinazopunguza madhara, lakini hazifuti kivuli.

Ninapima kivuli kwa fimbo ya mita moja, saa tatu asubuhi, saa sita na nusu, na saa tisa alasiri. Saa tatu asubuhi ya tarehe 21 Juni kivuli cha fimbo yangu kina mita 1.6 na kinaelekea kusini-magharibi. Maana yake, kitu chochote upande wa kaskazini-mashariki kinatupa kivuli cha mara 1.6 ya kimo chake. Mwembe wa jirani yangu una mita 10. Usizidishe 10 hiyo yote: paneli zipo mita 4 juu ya ardhi, kwa hiyo kinachohusika ni mita 6 za juu. Mara 1.6, karibu mita 10. Mwembe uko mita 7 kutoka paneli. Basi saa tatu asubuhi ya Juni paneli bado zipo kivulini, na hakuna ramani iliyoniambia.

Huwezi kusubiri Juni na Desemba zote mbili? Zipo programu za simu zinazochora njia ya jua juu ya picha ya kamera. Simama palipo paneli, zungusha simu, utaona jua la Juni litapita nyuma ya nini. Mimi bado naipenda fimbo yangu, lakini programu inaokoa miezi sita.

Vitu vinavyosahaulika: tangi la maji kwenye mnara wake, dishi la televisheni, bomba la hewa la choo, na kile kichwa cha pili cha paa la nyumba yenye migongo mingi, mtindo unaopendwa sana siku hizi Kinyerezi na Goba. Mapaa hayo yanapendeza kwenye picha, lakini upande mmoja unauzibia mwingine. Na kuna kitu kisichoonekana bado: ghorofa. Kabla ya kufunga paneli, nenda kamsalimie jirani wa kaskazini, umuulize kwa upole kama nondo alizoacha zimechomoza juu ya nguzo zina mpango.

Kuhusu mwembe, nilizungumza na mwenyewe, mzee wa heshima zake. Kuukata alikataa, na nilimwelewa. Alikubali matawi ya juu upande wangu yapunguzwe kila mwezi wa tano, nami ninampelekea juisi. Asubuhi zangu za Juni zimerudi kuanzia saa tatu unusu.

Ukubwa wa paa na mifupa yake

Paneli ya wati 550 ina urefu wa mita 2.3 na upana wa 1.1 hivi, karibu mita za mraba 2.6, na uzito unaokaribia kilo 28. Chukua nyumba ya kawaida ya huku kwetu, mita 10 kwa 12, paa la pande nne. Upande wa kaskazini utapata kama mita za mraba 30. Toa nusu mita kila ukingo, toa sehemu ya kukanyaga, toa bomba la choo, zinabaki 18. Paneli sita zinaingia: kilowati 3.3, zaidi ya uniti 10 kwa siku hata Aprili. Nyumba yangu inatumia sita. Ndipo unapogundua kwamba kwa nyumba nyingi za chini za Dar paa halina tatizo. Tatizo ni bei ya betri.

Mwambie fundi skrubu zishike kwenye papi na kenchi, yaani mbao za paa, si kwenye bati pekee. Kama uko karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, dai nati na bolti za chuma cha pua na reli za alumini. Chumvi haina huruma. Kenchi zilizoliwa na mchwa zitengeneze kwanza.

Soma mita, si risiti

Watu huniambia "natumia umeme wa elfu hamsini kwa mwezi". Shilingi hazinisaidii, maana kodi ya jengo hukatwa humohumo unaponunua. Ninataka uniti. Andika namba iliyobaki kwenye mita saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi, siku kumi na nne, na uandike pembeni siku ya kupiga pasi na siku ya kupandisha maji. Mstari wa usiku ndio utakaokuambia ukubwa wa betri.

Hesabu yangu mpya ikawa hivi. Uniti 6 kwa siku. Nusu inapita kwenye betri na kupungua njiani, kwa hiyo nikagawa kwa 0.9 kujipa nafasi: 6.7. Nikagawa kwa 3.3 ya Aprili: kilowati 2 na kidogo. Paneli nne za 550, upande wa kaskazini. Fundi alinipa mbili, upande wa kusini, nyuma ya mwembe. Usiku ninatumia uniti 3. Betri ya lithiamu sitaki kuikausha, nikagawa kwa 0.8, ikatoka karibu 4, nikanunua ya 5.

Kwa upande wa fedha, uniti ya kawaida ya nyumbani nimekuwa nikiinunua kama shilingi 356 kodi zikiwemo. Uniti 6 kwa siku ni kama shilingi 780,000 kwa mwaka. Chukua bei ya mafundi watatu, gawa kwa hiyo, utapata miaka. Lakini kama uko kwenye daraja la chini, la uniti 75 kwa mwezi, kila uniti shilingi 100 kabla ya kodi, sola haitakurudishia fedha leo wala kesho. Nunua tu kama unakimbia giza. Nimewaambia hivyo majirani wawili na muuza paneli mmoja hanisalimii tena.

Ukitaka kuupima mtaa, au mji

Mwanafunzi wangu mmoja, sasa yuko chuo, aliniuliza kama njia hii inaweza kutoa jibu la Dar nzima. Nilimwambia asichukue eneo la mapaa yote akazidisha. Atapata namba kubwa ya kupendeza isiyowasha taa. Achague mitaa isiyofanana. Kariakoo, nyumba za chini zinaishi kwenye vivuli vya maghorofa. Upanga, paa moja lina kaya nyingi, na lazima wakubaliane kwanza. Manzese, mapaa ni madogo na yamebanana. Masaki, mapaa makubwa chini ya miti mikubwa. Segerea kama kwangu. Kila mtaa achukue mapaa ishirini, ayapime kwa rula ya Google Earth, ahesabu upande wa kaskazini, mashariki na magharibi pekee, kisha aende kwa miguu kwenye matano kati ya hayo aone picha imemdanganya kiasi gani. Kiwango hicho cha udanganyifu ndicho apunguzie yale kumi na tano. Baada ya hapo ndipo azidishe kilowati za paneli zitakazoingia kwa 4 ya wastani, na kwa 3.3 ya Aprili, na aandike zote mbili.

Alikwenda Kariakoo kwanza. Alirudi jioni, viatu vimejaa vumbi, akaniambia kwenye picha aliona mapaa kumi na nne mazuri, na kwa miguu matatu ya kwanza aliyoyafikia yalikuwa tayari yamebomolewa yanajengwa ghorofa.

Juni hii zamu ni ya Mama Rehema wa nyumba ya pili. Tumepanga tarehe 21, saa tatu asubuhi. Yeye atakuja na kamba.